Jina letu, sentensi yao: kisa cha tanzanite

Mwaka 1968 kampuni ya masonara ya Tiffany ya New York ilikuwa na jiwe zuri lenye jina baya. Jiwe lilitoka vilima vya Mirerani, kusini mwa mahali ulipo leo uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na wataalamu wa madini walikwisha kulitambua. Lilikuwa zoisaiti ya bluu, ndugu wa madini yaliyojulikana Ulaya tangu mwanzoni mwa karne ya 19 na kupewa jina la Sigmund Zois, bwana mmoja wa Slovenia aliyependa kukusanya mawe. Maabara haina tatizo na jina hilo. Dukani ni msiba, kwa sababu mdomoni mwa Mmarekani linapita karibu mno na neno suicide, yaani kujiua. Hebu fikiria kijana amepiga goti, kashika kidole cha mchumba, halafu anaulizwa pete ni ya jiwe gani.

Henry B. Platt, makamu wa rais wa kampuni na kitukuu wa Louis Comfort Tiffany, akaamua jiwe liitwe tanzanite. Likaingia kabatini kwa jina hilo, na tangazo likasema kwamba sasa linapatikana mahali pawili tu duniani: Tanzania na Tiffany.

Sentensi hiyo moja ndiyo kisa chetu. Wengi wanaoandika kuhusu tanzanite huanzia kwenye bei, utoroshaji wa madini mpakani au ukuta unaozunguka machimbo ya Mirerani. Mimi nitabaki kwenye maneno, maana naamini tumelalamika vya kutosha kwamba waliuza jiwe letu kwa jina letu, na hatujaikagua sawasawa sentensi waliyoliuzia. Jina lilikuwa letu. Sentensi haikuwa yetu.

Tan, Zan na mkia wa Kigiriki

Tuanze na neno lenyewe. Mkia wake, ambao Waingereza huuandika -ite, una asili ya Kigiriki na ndio alama ya mawe na madini karibu yote: grafaiti, magnetaiti, zoisaiti. Ukiubandika kwenye jina lolote, jina hilo linavaa koti la maabara. Hapo Tiffany walipata faida mbili kwa mpigo mmoja. Msikilizaji anahisi kwamba wanasayansi ndio walioliita jiwe hivyo, na papo hapo anasikia safari, jua na nchi ya mbali. Ukweli ni kwamba wataalamu wa madini hadi leo wanalihesabu kuwa aina tu ya zoisaiti. Tanzanite ni jina la dukani lililovalishwa koti jeupe.

Halafu shina. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likapitishwa mwezi Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo Platt alipolichukua, jina hilo lilikuwa na umri wa miaka minne, halijaota hata meno ya utu uzima. Lilikuwa limeundwa kwa ufundi wa siasa: Tan ya bara, Zan ya visiwani, na -ia ya kuzifunga pamoja. Tiffany wakakata kile kifungo cha mwisho, wakaweka mkia wao. Nikiwa mtu wa kuchezea maneno hufurahishwa na jambo moja dogo: Zanzibar, ambako hakuna aliyewahi kuchimba kito cha namna hii, imebaki na herufi zake tatu katikati ya jiwe la Simanjiro, wilaya yenye Mirerani.

Tiffany hawakuwa wageni wa kazi hii. Kunzite, jiwe la rangi ya waridi lililotambuliwa California mwaka 1902, lilipewa jina la George Frederick Kunz, mtaalamu wa vito wa kampuni hiyohiyo. Mwaka 1910 likafuata morganite, kwa heshima ya J. P. Morgan, mwenye benki na mteja wa kupigiwa saluti. Miaka ya 60 upepo ukageuka, na jiwe likachukua jina la nchi. Mwaka 1974 wakatoa tsavorite, jiwe la kijani lililopewa jina la mbuga ya Tsavo ya Kenya. Hapo pana kichekesho. Mwanajiolojia Campbell Bridges alilikuta jiwe hilo la kijani kwanza Lemshuko, upande wa Tanzania, mwaka 1967, kabla ya kulipata Kenya. Kama majina yangefuata tu mahali jiwe lilipoonekana mara ya kwanza, Simanjiro ingekuwa na vito viwili kwenye kamusi ya masonara.

Ukiyapanga majina hayo manne kwa miaka yake, unaona anasa ikihama. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilichouza ni jina la mtu mkubwa. Baada ya uhuru wa Afrika kilichouza ni mandhari. Mtu hatakiwi tena ndani ya jina, inatakiwa nchi pana yenye anga. Na mandhari ina sifa moja ambayo mwenye duka anaipenda: haidai malipo.

Sehemu mbili kwenye mizani moja

Sasa turudi kwenye tangazo. Kwa Kiingereza lina ufundi ambao mwanafunzi wa elimumitindo anaweza kuutumia kipindi kizima. Kuna takriri ya sauti: T na T, majina mawili yanayoanza sawa na kuingiana mdomoni. Kuna usambamba: Tanzania upande huu, Tiffany upande ule, kila moja na kihusishi chake kifupi mbele. Usambamba ni mizani, na vitu viwili vikiwekwa kwenye mizani moja, msikilizaji anavipima kama vitu vya aina moja bila kuambiwa afanye hivyo. Nchi ya mamilioni ya watu imekaa sahani ya kushoto, duka la barabara moja ya New York sahani ya kulia, na mizani imetulia.

Maneno ya Kiingereza yanayosema "kwenye duka la Tiffany" yalikuwa tayari masikioni mwa Wamarekani. Filamu ya 1961 iliyomwonyesha Audrey Hepburn amesimama mbele ya dirisha la duka hilo ilikuwa imeyabeba katika anwani yake, na riwaya fupi iliyotangulia vilevile. Tangazo la 1968 halikuhitaji kueleza duka ni la namna gani, sinema ilikwisha kufanya kazi hiyo bure. Hivi ndivyo chapa za anasa zinavyonyonya utamaduni wa mitaani: hazirudii maneno ya filamu, zinaacha nafasi ambayo kumbukumbu yako inaijaza yenyewe.

Lakini jaribu kuisema sentensi hiyo kwa Kiswahili, na Kiswahili kitakusumbua kwa namna nzuri.

Lugha yetu haina mahali pa jumla. Ina pa, ku na mu. Pa ni mahali unapoweza kupanyooshea kidole. Ku ni kule kupana, kusiko na mipaka ya macho. Mu ni ndani. Nikitaka kuwa mwaminifu nitasema: Tanzania kunapatikana tanzanite, Tiffany panapatikana tanzanite. Tayari mizani imeyumba. Duka ni pa, ni kaunta na kioo na mlinzi mlangoni. Nchi ni ku, ukungu wa kijiografia. Na ghafla unaona nafasi ya tatu iko wazi, inakusubiri: ardhini Mirerani mnapatikana tanzanite. Mu. Ndani ya shimo, mita mamia chini, mtu ameingia na taa kichwani. Kiingereza cha tangazo kiliweza kuruka nafasi hiyo bila mtu kuhisi pengo. Sarufi ya Kiswahili inaiacha kama kiti kitupu mezani.

Haki itendeke, Kiswahili nacho kina maficho yake. Kitenzi patikana ni kauli ya kutendeka. Kila mzazi anaijua kauli hiyo: mtoto anasimama juu ya vigae na kusema "kikombe kimevunjika". Kimevunjika chenyewe, hakuna aliyekivunja. Vivyo hivyo jiwe linapatikana. Halichimbwi, halipasuliwi kwa baruti, halipandishwi kwa kamba. Linapatikana tu, kama uyoga baada ya mvua. Tungesema "linachimbwa", angalau kauli ya kutendwa ingemfanya msikilizaji aulize: na nani? Kwa hiyo anayeitafsiri kaulimbiu ile kwa "linapatikana" amerithi ujanja wake mzima, na magazeti yetu yamekuwa yakiandika hivyo kwa miaka mingi: madini yanayopatikana Tanzania pekee. Sisi wenyewe tumelikariri tangazo.

Nani hakuwamo kwenye sentensi

Mwaka 1967 ni mwaka mzito kaskazini mwa Tanzania. Tarehe 5 Februari likatangazwa Azimio la Arusha, na nchi ikajitambulisha kwa neno ujamaa. Miezi hiyohiyo, katika mkoa huohuo wa Arusha wa wakati ule, jiwe la bluu likaanza kupita mikononi mwa watu. Jumanne Ngoma ndiye anayetambuliwa na serikali kuwa aliligundua, Januari 1967. Masimulizi ya biashara ya vito nje ya nchi yamempa sifa hiyo zaidi Manuel de Souza, fundi cherehani mwenye asili ya Goa aliyekuwa akitafuta madini kama kazi ya pembeni, na ambaye alisajili madai yake Julai mwaka huo akidhani mwanzoni ni jiwe la aina nyingine. Masimulizi haya mawili yamegongana kwa miaka na sina nia ya kuyaamua hapa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba vitabu vya masonara viliweza kuwa na ubishi juu ya nani aliokota, lakini havikuwahi kuwa na ubishi juu ya nani alilipa jina. Aliyetoa jina alisajiliwa mara moja. Ngoma alisubiri hadi tarehe 6 Aprili 2018, Rais Magufuli alipozindua ukuta wa Mirerani, kuahidiwa shilingi milioni 100 hadharani. Alikuwa mzee na mgonjwa, akafariki mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mwaka ambao nchi inatangaza kwamba njia kuu za uchumi ni mali ya wakulima na wafanyakazi ndio mwaka linapozaliwa jiwe litakalobeba jina la nchi hiyo kwenye shingo za matajiri wa Manhattan. Migodi ikataifishwa mwaka 1971. Jina halikutaifishwa. Sidhani hata lingewezekana, kwani tanzanite ni jina la kawaida la bidhaa na sonara yeyote wa Bangkok au Jaipur analiandika kwenye kibao chake bila kumwomba mtu ruhusa.

Wachimbaji wadogo wa Mirerani wao wana lugha yao. Wanajiita wanaapolo, na watu hulieleza jina hilo kwa vyombo vya Apollo vya Wamarekani vilivyokwenda mwezini: ukishuka shimoni hujui kama utarudi. Ninavyoona mimi, hili ni jina bora kuliko la Platt, kifani na kimaana. Limechukua fahari ya Marekani ya mwaka 1969 likaigeuza kichwa chini, safari ya juu ikawa ya chini, na mtu amebaki ndani yake, kwa sababu ngeli yake ni ya watu: mwanaapolo, wanaapolo. Mafuriko ya 1998 na ya 2008 yaliwanasa mashimoni na kuua makumi kila mara. Hakuna kipeperushi cha vito kilichowahi kuwa na nafasi ya neno hilo.

Hata jina la mahali halikutulia. Kwetu ni Mirerani, wengine huandika Mererani, na katalogi za masonara ulimwenguni zimeng'ang'ania Merelani. Mwaka 2016 wanasayansi walieleza madini mapya kabisa kutoka machimbo hayohayo na kuyaita merelaniite, kwa jina la mahali, kama desturi yao inavyotaka. Ni vijinywele vya rangi ya kijivu cha chuma, vyembamba kama ndevu za panya, havina thamani yoyote kwa muuza pete. Ndivyo mgawanyo ulivyokuwa: kito cha bluu kikaenda na jina la taifa, na eneo likaachiwa ndevu.

Radi, tanuru na damu ya mzee

Mawe mengi ya tanzanite yakitoka ardhini ni ya rangi ya udongo, kahawia iliyochoka. Yakiingizwa kwenye tanuru la nyuzijoto 500 au 600 hivi, hugeuka bluu na urujuani. Kila dalali wa Arusha anajua hivyo. Lakini hadithi inayosimuliwa kwa mteja ni nyingine: hapo zamani radi ilipiga nyika ya Wamaasai, majani yakaungua, mawe yaliyokuwa juu ya ardhi yakapata moto na kuwa bluu, wachunga ng'ombe wakayaona yakimeta kwenye majivu. Inawezekana kabisa mawe ya mwanzo yalikuwa yamepata joto la asili. Kinachonivutia ni kazi ya kimtindo ambayo radi inafanya. Inaliondoa tanuru kwenye picha. Umeme wa kiwandani unakuwa umeme wa mbinguni, fundi anakuwa mchungaji, na bei inapanda.

Halafu rangi. Kipande kimoja cha tanzanite kisichopikwa, ukikigeuza pande tatu, kinaonyesha rangi tatu tofauti. Katalogi za Kiingereza huzitaja kwa mpangilio unaojulikana: bluu ya yakuti, urujuani, na ile nyekundu iliyokolea ambayo huiita burgundy, mvinyo wa mkoa mmoja wa Ufaransa. Angalia wanachofanya. Kila rangi imefungwa kwenye kitu ghali: kito kingine, ua, chupa ya mvinyo. Mteja anaonja kabla hajanunua.

Kiswahili nacho huzaa rangi kutokana na vitu, tena kwa wingi: kijani ni jani, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu. Na ile rangi ya burgundy tunayo muda mrefu. Tunaiita damu ya mzee. Jaribu kuiandika kwenye kadi ya dukani: jiwe hili lina samawati, zambarau na damu ya mzee. Mimi ningelinunua leo hii, ila naelewa kwa nini mwandishi wa matangazo angeogopa. Mvinyo unaomba mkono uukaribie. Damu ya mzee inauliza ya nani.

Milele dhidi ya kwisha

Ili kuipima lugha ya tanzanite lazima uiweke karibu na ya almasi. Mwaka 1947 Frances Gerety, mwandishi wa wakala wa matangazo wa N. W. Ayer, aliwaandikia De Beers, kampuni ya almasi, kaulimbiu inayodai kwamba almasi ni ya milele. Maneno manne ya Kiingereza, na pete ya uchumba haijatoka huko tangu siku hiyo. Dai lile lilisimama juu ya ukweli wa kifizikia: almasi ni ngumu kuliko jiwe jingine lolote, ina 10 kwenye kipimo cha Mohs.

Tanzanite ina 6 na ushei. Ukiivaa kila siku ukafulia na kuoshea vyombo, itachubuka. Kwa hiyo mlango wa milele ulikuwa umefungwa. Waandishi wa matangazo yake wakaingilia mlango wa pili, na hapo niwavulie kofia: wakauza mwisho badala ya umilele. Jiwe linatoka eneo moja tu duniani, la kilomita chache. Litakwisha katika kizazi chetu. Ni adimu mara elfu moja kuliko almasi. Kauli hii ya mwisho imezunguka sana, na ukiichunguza utaona haisemi imehesabu nini: machimbo, karati, au siku za kungoja? "Mara elfu moja" hapa inafanya kazi ya msimuliaji wa ngano anayesema mfalme alikuwa na ng'ombe elfu. Hakuna anayekwenda zizini.

Mwaka 2002 likaja pigo jingine la kistadi. Chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani kikaiingiza tanzanite kwenye orodha ya mawe ya kuzaliwa, mwezi wa Desemba, pamoja na feruzi na zirkoni. Orodha hiyo ilikuwa haijaguswa tangu 1952. Kuanzia hapo jiwe halikuhitaji tena sentensi nzuri. Lilikuwa na kalenda. Kila binti wa Desemba alizaliwa mteja.

Pwani yetu ingelitambua jambo hili haraka. Kanga haiuzwi kwa rangi peke yake, inauzwa kwa jina lake, yale maandishi ya upindo. Wafanyabiashara wa Mombasa kama Kaderdina Hajee Essak, mwenye ile alama ya "Mali ya Abdulla", walijua mapema katika karne iliyopita kwamba kitambaa kilekile kikiwa na maneno makali hutoka dukani mbio. Mwanamke huuliza "hii inasemaje?" kabla ya "hii bei gani?". Tofauti ni mlengwa. Jina la kanga humpa mnunuzi kitu cha kumwambia jirani, na akishaivaa, maneno yanakuwa yake, pamoja na ugomvi wake. Jina la Tiffany lilimwachia mnunuzi kuwa msikilizaji tu. Na kanga nzito kuliko zote, kisutu cha harusi, kwa desturi haina maandishi hata kidogo. Kitu kikishakuwa na mila nyuma yake hakihitaji kaulimbiu.

Jina lilipougua

Novemba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya New York na Washington, gazeti la Wall Street Journal lilichapisha habari iliyohusisha biashara ya tanzanite na mtandao wa al-Qaeda. Wauzaji wakubwa wakakimbia. QVC, televisheni ya mauzo, ikasitisha kuliuza. Tiffany, waliolibatiza, nao wakasitisha.

Hapa ndipo unapoona gharama ya kuliita jiwe kwa jina la nchi. Kunzite haiwezi kupata kashfa ya kisiasa, kwa sababu Bwana Kunz amelala kaburini. Nchi haijalala. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulikuwa umelipuliwa mwaka 1998, na katika masikio ya Wamarekani sauti zilezile za Tanzania zilizokuwa zikinukia nyika sasa zilinukia baruti. Jina halikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni kilichokuwa kimekaa karibu nalo kwenye gazeti. Februari 2002, katika maonyesho ya vito ya Tucson, Arizona, wafanyabiashara na serikali ya Tanzania wakakubaliana utaratibu wa kufuatilia jiwe kutoka shimoni hadi dukani, na maofisa wa Marekani wakasema hawakuona ushahidi wa uhusiano ule kuendelea. Mwaka huohuo likapewa Desemba. Leo limerudi kwa Tiffany, pamoja na kunzite, morganite na tsavorite, yote manne yakiuzwa kama urithi wa kampuni. Urithi. Neno hilo nalo lingefaa uchambuzi wake, hasa tangu Januari 2021 kampuni yenyewe ilipochukuliwa na LVMH, kampuni ya bidhaa za anasa ya Ufaransa.

Neno likirudi nyumbani

Utaona nimeandika tanzanite muda wote, na huenda mhariri fulani ameshakunja uso. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Tunasema tanzanaiti, tuandike tanzanaiti, kama tunavyoandika dinamaiti. Wapo wanaoandika hivyo, lakini magazeti, serikali na vibao vya barabarani vimeshikilia mkia wa Kiingereza wenye e isiyotamkwa kama sisi tunavyoitamka. Jina la taifa letu, ndani ya lugha yetu, linatembea na tahajia ya dukani kwao. Nimeiacha makusudi. Ni kovu, na kovu lina taarifa.

Hata hivyo chini ya tahajia hiyo neno limeanza maisha mengine. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji wa Simanjiro, aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Agosti akarudi na la kilo 6.3. Vyombo vya habari vya nje vilihangaika na karati na dola. Mitaani likazaliwa cheo: Bilionea Laizer. Kwa mara ya kwanza tangu 1967, habari kubwa ya tanzanite ilikuwa na kiima chenye miguu. Laizer alichimba, Laizer aliuza, Laizer alisema atajenga shule. Hakuna kilichopatikana chenyewe. Na ukuta wa takriban kilomita 24 unaozunguka machimbo watu hawakuupa jina la jiwe, wanauita ukuta wa Magufuli.

Dar es Salaam nako, daraja jipya la baharini kati ya hospitali ya Aga Khan na Coco Beach lilifunguliwa mwaka 2022 likiwa Daraja la Tanzanite. Sijui ni wangapi kati ya wanaopiga picha za harusi pale jioni wamewahi kulishika jiwe lenyewe. Lakini anasa ya maneno ndiyo hiyo, unaivaa bila kuinunua.

Kiswahili kina vito vyake vya zamani ambavyo vimekuwa watu: Lulu ni binti, Almasi na Feruzi ni wanaume, Zumaridi unaweza kumkuta sokoni. Yalichukua karne nyingi kufika huko, kupitia mashairi na mahari. Tanzanite bado haijawa mtoto wa mtu, au mimi sijakutana naye. Ila fungua ukurasa wa michezo siku inapocheza timu ya taifa ya wanawake chini ya miaka 20. Inaitwa Tanzanite. Na mwandishi wa michezo, ambaye hana habari na Platt wala mizani yake, anaandika bila kufikiri mara mbili: Tanzanite wameingia uwanjani.